Nyekundu ya Slaidi ya Tisa

Hii si hadithi ya zamani za kale. Ni ya mwaka huu, masika yaliyopita, na wengi waliokuwamo wangali hai na mishahara yao inaingia bila kukosa. Msiniulize ni nchi gani. Ni nchi nzuri, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, na inatawaliwa kwa slaidi.

Nasema kweli tupu. Nchi nyingine zinatawaliwa kwa bunduki, nyingine kwa pesa, na nasikia ziko zinazotawaliwa kwa sheria, ingawa hizo sijabahatika kuziona. Kwetu sisi, kila Jumatatu mawaziri huketi katika Ukumbi wa Maono, taa zinazimwa, projekta inawashwa, na Mlezi wa Taifa, Dakta Tarazo, anaitazama nchi yake ukutani. Barabara iliyotiwa lami kwenye slaidi imetiwa lami. Zahanati yenye dawa kwenye slaidi ina dawa, na mgonjwa anayekuta makabati matupu ajue ameingia zahanati isiyo yake. Mlezi hajatoka nje ya mji mkuu kwa miaka kumi na moja. Atoke afuate nini, na nchi inaletwa kila wiki?

Mimi naitwa Hatibu Mnyeto. Nilikuwa Karani wa Rangi, Daraja la Pili, katika Idara ya Rangi na Mwonekano wa Serikali. Kazi yangu ilikuwa kukagua slaidi zote kabla hazijafika ukutani na kuzitia rangi zinazostahili. Sikuwahi kudanganya mtu. Nilichofanya ni kupaka tu.

*

Idara yetu ilizaliwa na semina. Alikuja mtaalamu mmoja, mtu mpole mwenye tai ya bluu, akatufundisha siku tatu namna ya kutumia rangi kwenye slaidi. Alisema rangi zisizidi tatu. Alisema maandishi yatofautiane na rangi ya nyuma yake, ili hata aliyeketi kiti cha mwisho asome. Alisema rangi moja ibebe maana moja toka slaidi ya kwanza mpaka ya mwisho, watu wasichanganyikiwe. Na mwisho akasema rangi kali kama nyekundu isitapanywe ovyo, iwekwe kwa kile kimoja tu unachotaka jicho likione kwanza.

Yalikuwa mafundisho mazuri kabisa, na tungeyafuata kama yalivyo laiti Bwana Lukali asingenyoosha mkono. Bwana Lukali siku hizo alikuwa mtunza stoo. Akasimama, akauliza ukumbi mzima: "Ndugu zangu, katika nchi hii, ni kitu gani ambacho jicho linapaswa kukiona kwanza?"

Watu tukatazamana. Ukisema maji, utaulizwa kwa nini si Mlezi. Ukisema shule, vilevile. Mtaalamu alijaribu kueleza kwamba inategemea mada, lakini alikuwa mgeni, hakujua kwamba swali limekwisha jibiwa. Kabla ya chai ya saa nne azimio lilikuwa limepita: nyekundu ni ya jina la Mlezi wa Taifa, na si ya kitu kingine chochote. Kabla ya chakula cha mchana Bwana Lukali alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Rangi.

Mengine yalifuata yenyewe. Ikapitishwa kwamba jina jekundu likitokea kwenye skrini, wote wasimame na kupiga makofi mpaka liondoke. Hata Mlezi mwenyewe husimama, kwa kuwa ni mtu mnyenyekevu na hapendi kulidharau jina la mkubwa. Ikapitishwa pia kwamba kulizima jina jekundu kabla ya wakati wake ni uhaini. Fundi umeme mmoja alijikwaa kwenye waya wa projekta jina likiwa ukutani. Alipewa miaka tisa, na ule waya ukawekwa makumbusho.

Kuhusu kutofautiana kwa rangi, Bwana Lukali alituonyesha kwamba ushauri wa mtaalamu unaweza kusomwa kutoka upande wa pili. Kama maandishi meusi juu ya nyeupe yanasomeka hata kiti cha mwisho, basi njano juu ya nyeupe haisomeki hata kiti cha kwanza. Tangu siku hiyo takwimu za watoto wanaokufa, za walimu wasiolipwa, za mikopo, zote tuliziandika kwa njano juu ya nyeupe. Serikali yetu haikuficha kitu. Kila kitu kilikuwa pale ukutani, mwenye macho na ayatumie.

Kilichobaki chote kilikuwa kijani. Tulikuwa na kijani za aina kumi na mbili, kuanzia Kijani Namba Moja ya mafanikio makubwa hadi Namba Kumi na Mbili ya mafanikio yanayokuja.

*

Mwezi wa pili aliingia ofisini kwetu Mhandisi Siwatu Kilindo, wa Wizara ya Maji. Mwanamke mfupi, viatu vina tope kavu, kompyuta kaikumbatia kifuani. Alikuwa na slaidi kumi na mbili kuhusu bwawa la Kibondeni.

Kibondeni napajua. Ni kijiji kilicho chini ya ukuta wa lile bwawa, nyumba kama mia nane, na shangazi yangu Mwashamba anakaa pale. Aliyenilea ni yeye. Baba yangu alipofariki alinichukua nikiwa na miaka minne, akanisomesha kwa chapati alizokuwa akiuza mlangoni pa zahanati.

Slaidi ya tisa ilikuwa picha ya ukuta wa bwawa. Katikati yake ulipita ufa, kutoka juu hadi karibu na chini, na Mhandisi alikuwa amechora juu yake mstari mwekundu.

Bwana Lukali alifunika macho kwa mkono. "Mama, unataka tufungwe sote?"

"Mkurugenzi, huo ufa unapitisha ngumi," alisema Mhandisi. "Januari ulikuwa unapitisha kidole. Mvua za masika zikianza, ule ukuta hauna wiki mbili. Watu wa Kibondeni wahamishwe sasa, wakati barabara inapitika."

"Mimi sibishani na ufa. Nabishana na rangi yake."

"Nyekundu ni hatari. Dunia nzima inajua."

"Dunia nzima haina Mlezi kama wetu. Unataka mtu aone nyekundu afikirie hatari?"

Mhandisi alivuta pumzi. "Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Methali hiyo ilifutwa mwaka juzi," Bwana Lukali akajibu, kisha akanigeukia. "Hatibu, mpakie Mhandisi kijani."

Nikaupaka ufa Kijani Namba Saba. Ulipendeza sana. Ulionekana kama mzabibu unaopanda ukutani, na Bwana Lukali akasema laiti mabwawa yote yangekuwa nao. Mhandisi aligeuza uso asiutazame. Mimi niliutazama nikaridhika, na jambo hilo linaniumiza leo kuliko mengine yote.

*

Bwana Lukali alipokwenda kula, Mhandisi hakuondoka. Aliketi kwenye kiti cha wageni, akanitazama.

"Kaka Hatibu, chekundu kinachoruhusiwa ni kimoja tu?"

"Kimoja tu, Mhandisi. Jina."

"Na hilo jina linaruhusiwa kukaa mahali gani pa slaidi?"

Nilifungua Mwongozo. Kurasa mia mbili na arobaini, hakuna mahali palipokatazwa. Nani angethubutu kuandika kwamba jina la Mlezi lisikae mahali fulani?

"Basi liandike juu ya ufa," akasema. "Lianzie ufa unapoanzia, liishie unapoishia. Macho yote yatakwenda pale. Yakishafika, mimi nitasema."

Nilimwambia ni hatari. Akaniuliza kama nina mtu Kibondeni. Nikasema nina shangazi. Akasema, "Basi andika."

Niliandika. DAKTA TARAZO, herufi moja chini ya nyingine, jekundu, kutoka juu ya ukuta hadi chini. Niliona fahari siku hiyo. Nilidhani nimefanya jambo la kishujaa, na kwamba limekwisha.

*

Jumatatu ikafika. Nilikuwa nyuma ya ukumbi, mkononi nimeshika rimoti, maana kubonyeza ilikuwa kazi yangu pia. Slaidi nane za kijani zilipita, mawaziri wawili wakasinzia. Nikabonyeza ya tisa.

Aliyeinuka kwanza alikuwa Waziri wa Maji, Mheshimiwa Pandu Mvunge, kisha ukumbi wote, kisha Mlezi mwenyewe. Makofi yakalipuka. Mhandisi Siwatu alikuwa mbele na kipaza sauti.

"Waheshimiwa, tazameni nyuma ya jina! Huo ni ufa! Tazameni nyuma ya jina!"

Wakatazama jina. Wakaongeza makofi. Mheshimiwa Mvunge akalia machozi, maana alikuwa waziri wa siku nyingi na alijua machozi hutoka wakati gani. Makofi yalipoanza kupungua, akanyakua kipaza sauti.

"Mtukufu Mlezi! Wizara yangu ilikuwa inatafuta namna ya kulitangaza jambo hili kwa unyenyekevu. Tumeamua kulipatia bwawa la Kibondeni jina lako. Na kama slaidi inavyoonyesha, jina hilo litapakwa kwenye ukuta wenyewe, toka juu hadi chini, lionekane maili tano!"

"Si jina, ni ufa!" Mhandisi alipiga kelele. "Watu watakufa!"

Mlezi akainamisha kichwa kwa upole. "Nimeguswa," alisema. "Hasa na huyu binti. Anashangilia mpaka sauti inamkauka."

Wakamtunuku nishani palepale. Sherehe ya kulipatia bwawa jina ikapangwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa nne, na wananchi wote wa Kibondeni wakaamriwa wahudhurie. Jukwaa lingejengwa chini ya ukuta. Bwana Lukali mwenyewe ndiye aliyechagua mahali, akisema ukuta ule ni mpana, hauna madoadoa, na ni mandhari ya nyuma isiyochosha jicho.

*

Maandalizi yalikwenda vizuri. Mafundi waliujaza ufa plasta, wakaupiga msasa, wakapaka jina. Maji yalipoanza kuvujia katika herufi ya R, wakapaka rangi mara ya pili.

Maofisa wetu walikwenda Kibondeni wiki mbili kufundisha watu. Waliwapanga uwanjani, wakanyanyua kitambaa chekundu, wakawaambia: mkiona hiki, simameni wima, pigeni makofi, asiondoke mtu mpaka kishushwe. Walirudia asubuhi na jioni. Watoto walishika haraka kuliko wakubwa.

Mhandisi Siwatu aliirudisha nishani kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka juu ya meza ya mlinzi wa getini. Kisha akaenda Kibondeni, akapita nyumba kwa nyumba. Kaya sabini zilimsikia, zikapanda kilimani na mbuzi wao. Zilizobaki zilimpa chai na kumwonea huruma. Yule si ndiye aliyepewa nishani kwa ajili ya bwawa hili? Sasa imekuwaje tena?

Ijumaa, siku moja kabla, shangazi alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya furaha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Tumeletewa kanga huku, unazo habari? Na mimi nimepewa nafasi ya kuuza chapati karibu kabisa na jukwaa. Nimekanda unga kilo ishirini."

"Shangazi, usiende."

"Kwa nini?"

Simu za watumishi wa Idara husikilizwa. Nilijua hivyo. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, nikachagua nyingine.

"Kuna mvua," nikasema.

Akacheka. "Mvua ni neema, Hatibu. Wewe umeoga mvua ngapi mgongoni mwangu? Lala salama, baba."

*

Sikuwapo siku hiyo. Niliiona kupitia skrini ya Ukumbi wa Maono, pamoja na Mlezi na mawaziri, kwa kamera iliyowekwa kilimani. Hema la wageni rasmi nalo liliwekwa kilimani, kwa sababu kule juu kuna upepo mzuri.

Kulikuwa kumenyesha siku nne. Wananchi walijaa chini ya ukuta, kanga mpya zimewashika mwilini kwa maji. Kwaya ilikuwa imefika ubeti wa sita wa wimbo wa taifa tulipomwona mtu anakimbia juu ya ukuta wa bwawa. Alikuwa Mhandisi Siwatu. Plasta ilikuwa imeanza kudondoka vipande vipande. Sauti yake haikufika chini, kwaya iliifunika. Basi akavua kanga aliyojifunga, kanga ya zamani ya mamaye, nyekundu, akaanza kuipunga kwa mikono miwili.

Mahali pengine popote watu wangekimbia.

Watu wa Kibondeni walikuwa wamefundishwa. Waliona chekundu, wakasimama wima, wakapiga makofi. Kwaya ikanyamaza, nayo ikapiga makofi. Yeye alizidi kupunga, nao walizidi kupiga. Hakuondoka mtu. Na ndani ya Ukumbi wa Maono, Mheshimiwa Mvunge aliiona ile nyekundu kwenye skrini, akainuka, na sisi sote tukainuka. Nilisimama. Nilipiga makofi. Nilikuwa bado napiga makofi wakati ukuta unafunguka katikati ya jina.

Kwa kuwa hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kuketi, tulibaki tumesimama mpaka skrini ikawa maji matupu.

*

Tume iliundwa. Iligundua kwamba maji yalitenda kinyume cha maelekezo. Mheshimiwa Mvunge alihamishiwa Wizara ya Ardhi, ambayo haitembei. Bwana Lukali alipendekeza eneo la Kibondeni kwenye ramani lipakwe bluu nzuri, na kwamba, ikitazamwa kitaalamu, nchi imepata ziwa.

Waliopatikana wamekufa walikuwa mia mbili na kumi na nne. Mlezi alitaka kuwakumbuka, maana moyo wake ni mwepesi wa huruma. Ikaamuliwa kwamba Jumatatu, baada ya taarifa ya mavuno, ipite slaidi moja yenye majina yote, herufi ndogo, njano juu ya nyeupe, kwa sekunde tano. Bwana Lukali akaniletea orodha niipange.

Nilisoma majina yote. Nilipomaliza niliona orodha haina mpangilio wa alfabeti. Walikuwa wameandikwa kama walivyotolewa kwenye tope. Wa mia mbili na kumi na tatu alikuwa Siwatu Kilindo, mhandisi. Aliyefuata, wa mwisho, Mwashamba binti Kombo, muuza chapati.

Nikakumbuka yale maneno ya yule mtaalamu wa tai ya bluu. Rangi kali iwekwe kwa kile unachotaka jicho likione kwanza. Kwa miaka sita nilikuwa na cheti chake ukutani, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwelewa. Nilikaa kazini kwangu mchana ule, nikatengeneza slaidi mia mbili na kumi na nne. Kila slaidi jina moja, kubwa, mandhari nyeupe. Rangi nyingine zaidi ya ile kali sikutumia.

Jumatatu, baada ya mavuno, nikabonyeza.

Jina la kwanza lilikuwa la mtoto, Zamda Hamisi, darasa la pili. Jekundu. Mheshimiwa Mvunge aliinuka kabla hajalisoma, mikono tayari inapiga. Ukumbi ukainuka. Mlezi akainuka, akapiga makofi, kisha akakaza macho, akasoma. Makofi yakapungua moja moja mpaka ukumbi ukawa kimya. Lakini hakuna aliyeketi. Nyekundu ilikuwa ukutani, na aketiye mbele ya nyekundu anajua atakapolala.

Nikabonyeza la pili. La tatu. Sekunde kumi kila moja.

"Zima!" Bwana Lukali aliniambia kwa mnong'ono.

"Zima wewe, Mkurugenzi," nikamjibu.

Alitazama waya wa projekta, akakumbuka miaka tisa ya yule fundi. Walinzi nao waliutazama. Waziri wa Sheria alianza kuupekua Mwongozo kwa tochi ya simu, kurasa mia mbili na arobaini. Mlezi alinyanyua mguu mmoja, kisha mwingine. Alikuwa mzee, na hakuna sheria aliyoipenda kama hii. Zaidi ya nusu saa walisimama, Serikali nzima, wakisoma majina ya watu ambao hawakujua kwamba waliwahi kuwapo.

Sasa nimo katika chumba kidogo, na nasubiri hukumu. Kuta zimepakwa Kijani Namba Saba; niliitambua mara moja. Wananiuliza nani alinituma, na nawajibu ukweli, kwamba aliniambia mtaalamu kwenye semina. Hawaniamini.

Shangazi yangu alisimama miaka ishirini na sita mlangoni pa ile zahanati, jua na mvua, na sikumbuki siku ambayo mtu alimpisha kiti. Jumatatu ile, jina lake lilipofika mwishoni, niliweka rimoti mfukoni na sikubonyeza tena.